Ukitaka Kumpata, Muulize Muuza Kahawa

Nilipoanza kujitolea kwenye afya ya jamii hapa Tanga nilikuwa na baiskeli, daftari, na imani kwamba anayelala nje anachokosa ni dawa. Kati ya hivyo vitatu, baiskeli peke yake ndiyo iliyonifaa tangu siku ya kwanza.

Mgonjwa wangu wa mwanzo alikuwa mzee aliyelala kwenye baraza ya duka huko Ngamiani. Namba ya barabara siitaji, maana watu wa Ngamiani ukiwapa barabara tu, jina watakumalizia wenyewe. Alikuwa akikohoa mwezi wa pili, amekonda, na usiku jasho likimlowesha shati hata wakati wa kusi. Kikohozi kikifika wiki mbili ni kwenda kupima kifua kikuu, hakuna cha kusubiri. Nikampakia kwenye baiskeli hadi kituo kimoja cha afya. Karani akamuuliza jina, akajibu. Umri, akakadiria. "Unakaa mtaa gani? Mjumbe wako nani? Namba ya simu?" Mzee akanigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye mjumbe.

"Kalete barua ya serikali ya mtaa," karani akasema, akaita anayefuata.

Kule mtaani nako wakapekua rejista ya wakazi, jina hakuna. Alikuwa akilala hatua chache kutoka mlango ule ule, lakini kwenye rejista hayumo, basi hayupo. Mzee akanishika mkono: "Mwanangu, nirudishe barazani kwangu."

Baadaye nilijua kwamba barua ile haikuwa na haja hata kidogo. Kupima makohozi ni bure, na dawa za kifua kikuu ni bure kwa kila mtu, mwenye nyumba na asiye nayo. Ningelijua hilo siku ile ningembishia yule karani kwa adabu zangu zote, na nisingetoka pale dirishani. Wewe unayesoma, ukimpeleka mtu, anza kwa kusema: "Tumekuja kupima kifua kikuu." Usianze na habari za kulala nje. Ukianza na hizo, watu wanaona kwanza tatizo la ustawi, ugonjwa unasubiri.

Kesho yake nilikwenda barazani nikamkosa. Muuza kahawa wa pale kona akaniuliza, "Unamtafuta Mjomba?" Akanieleza bila kuweka chini dele lake la kahawa: Mjomba huamka kabla ya adhana, hufagia mbele ya duka, hunywa vikombe viwili, kisha huenda soko la Mgandini kubeba mizigo. Akizidiwa hashindi barazani, hukaa nyuma kwa mama wa chapati. Kwa dakika moja nilipata kila kitu ambacho fomu ya kituo ilishindwa kukipata. Tukaenda kituoni sote watatu, na muuza kahawa akaandikisha namba yake ya simu kama ndugu wa mgonjwa. Hakuna aliyeuliza undugu wenyewe ni wa upande gani.

Tangu hapo swali la "anakaa wapi" silianzi tena. Nauliza nani anamjua. Anwani ya mtu wa nje ni mtu mwingine: muuza kahawa, mlinzi wa duka, mama lishe, fundi baiskeli, bawabu wa msikiti. Mtafute huyo kabla hujafungua mkoba wako wa dawa.

Na salamu usiipuuze. Nimeona vijana wenye fulana za miradi wakimsimamia mzee aliyelala na kumuuliza "vipi hali?" kama wanaulizana wao kwa wao. Chuchumaa, mpe shikamoo yake. Huyo aliyejifunika kiroba huenda hajaamkiwa siku nyingi.

Sasa dawa. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi 6: miwili ya mwanzo dawa 4 zilizochanganywa kwenye kidonge kimoja, minne inayofuata dawa 2. Nilimkabidhi Mjomba dawa zake mwenyewe kwenye mfuko wa plastiki, nikajiona nimemaliza. Mvua ya usiku mmoja ikazigeuza uji. Tulirudi kituoni kuomba nyingine, nesi akanisema mimi, si yeye, na alikuwa na haki. Kuanzia hapo dawa zikalala kwa mama wa chapati, kwenye kopo lenye kifuniko, juu, mbali na moto na watoto. Kila asubuhi Mjomba alipita, akameza mbele yake, mama akapiga alama kwenye kadi.

Mambo mawili mtu huyo anayetunza dawa lazima aambiwe mapema. Kwanza, mkojo utageuka rangi ya chungwa. Ni dawa, si damu. Mjomba nusura aache siku ya tatu kwa sababu hiyo, na kosa lilikuwa langu kwa kutomwambia. Pili, mwezi wa pili ukiisha mgonjwa anajisikia mzima kabisa, hamu ya kula imerudi, na hapo ndipo wengi huacha. Wadudu wanakuwa bado wamo, na wakirudi wanaweza kurudi wakiwa sugu. Halafu tusidanganyane, dawa hizi kwa tumbo tupu zinasokota. Ukiwa na pesa ya kusaidia, mlipe mama lishe chakula cha wiki nzima. Ni bora kuliko kumwekea mgonjwa noti mkononi.

Barua ya mtaa ina kazi yake kwenye maradhi mengine, yale yanayodai malipo. Sera ya afya ina msamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza. Asiye kwenye makundi hayo naye anaweza kusamehewa akithibitika hana uwezo. Hospitali kubwa kama Bombo mnamwona afisa ustawi wa jamii. Nenda kwa mtendaji wa mtaa na mkazi anayejulikana aseme "huyu ni wetu". Ukienda peke yako na mgonjwa mtazungushwa, mimi nimezungushwa vya kutosha.

Kuna jingine ambalo ukanda wetu huu wa pwani unalijua vizuri: matende. Mguu uliovimba hauponi kwa kumeza kidonge kimoja, ila unaweza kuzuiwa usizidi, na kazi kubwa ni usafi. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida kila siku, kausha taratibu hasa katikati ya vidole, chunguza michubuko, inua mguu unapokaa na unapolala. Nilikuwa namhubiria hayo baba mmoja mwenye mguu mkubwa, akacheka. "Maji na sabuni nitoe wapi, kijana? Kwenye lami?" Nikakaa kimya. Kisha akasema mwenyewe kwamba anatawadha msikitini mara tano kwa siku. Mguu ulikuwa tayari unapata maji, na vidole vinapitishwa kidole! Kilichopungua ni sabuni na kitambaa cha kukaushia. Bawabu akakubali kumwekea kipande cha sabuni pembeni ya birika, akaoshea kando ili asichafue maji ya wenzake. Homa za mguu, zile zinazokuja na mguu kuwaka moto, zikapungua. Zikija, hapo ni kupumzika na kwenda hospitali. Usikande kwa maji ya moto wala kuchanja.

Vijana wanaotumia unga wana habari yao ndefu. Niseme tu kwamba methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha unga, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na sasa ipo Tanga pia, hunywewa kliniki kila siku mbele ya mhudumu. Kijana anayekwenda huko mtafutie kazi ya karibu kwanza. Akihama mji kwa kibarua, dozi inakatika.

Mwingine wa kuhamahama ndiye aliyeniponyoka mimi. Alikuwa kijana wa kifua kikuu, wiki ya tano ya dawa, akilala stendi ya Kange. Alikuwa mchangamfu, na namba ya simu alinipa yake mwenyewe, nikaona inatosha. Siku moja simu haikupatikana. Nikapanda baiskeli hadi Kange, nikawaeleza wapiga debe: mrefu, mwembamba, anakohoa, hupenda kucheka.

"Yupi?" wakaniuliza. "Hapa wote wako hivyo."