Mtoto mchanga, virusi vya RSV na protini inayobadilika umbo

Wazazi wengi ninaowahudumia katika kliniki ya watoto huomba antibayotiki mara tu mtoto wa miezi miwili anapoanza kukohoa na kupumua kwa shida. Siwajibu kwa katazo tupu, bali huwaeleza jinsi virusi vya RSV, vinavyoshambulia njia ya hewa na mara nyingi kuleta dalili hizo kwa wachanga, vinavyoingia mwilini, kwa maana mzazi aliyeelewa hufuata ushauri bila kusukumwa.

Virusi hivi vina protini mbili muhimu juu ya utando wake. Protini G hunata kwenye seli za njia ya hewa, nayo F hukaa imejikunja kama mtego uliotegwa, kisha hufyatuka na kuuvuta utando wa virusi hadi uungane na wa seli, na hapo vinasaba vyake huingia ndani. Seli iliyovamiwa hutoa interferoni, yaani protini za tahadhari, ili kuzitahadharisha jirani zake, lakini virusi vina protini nyingine, NS1 na NS2, zinazoizuia tahadhari hiyo. Antibayotiki, ambazo ni za kupambana na bakteria, hazigusi hata hatua moja kati ya hizo.

Kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda ili kuvishika virusi, zilizo kali kuliko zote ni zile zinazoishika F kabla haijafyatuka, umbo ambalo watafiti Jason McLellan, Barney Graham na wenzao nchini Marekani walilibainisha mwaka 2013. Ugunduzi huo ulisaidia kueleza msiba wa miaka ya 1960, ambapo chanjo ya virusi vya RSV vilivyouawa kwa kemikali ya formalini iliwazidishia watoto ugonjwa na wawili wakafariki: F ya chanjo hiyo ilikuwa imeshafyatuka, hivyo kingamwili nyingi zilizotokea zilivishika virusi bila kuvizuia. Kisa hiki siwafichi wazazi wanaohofia chanjo. Ni haki yao kukijua.

Chanjo ya wajawazito iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 hutumia F iliyofungwa isifyatuke, na kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma zikamlinda mtoto miezi yake ya mwanzo. Kwa kuwa zinahitaji muda kuundwa na kuvuka, kabla ya miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito mama aulize kliniki kama chanjo hiyo inapatikana.

Isipopatikana, watazameni ndugu za mtoto. Utafiti wa kaya uliofanywa Kilifi ulionyesha kwamba mara nyingi watoto wakubwa, hasa wanafunzi, ndio wanaoingiza RSV nyumbani. Kwa hiyo mwenye mafua anawe mikono na asilale na mtoto mchanga. Mtoto akipumua haraka mno, kifua kikibonyea ndani au akishindwa kunyonya, mpelekeni hospitali usiku huo huo, kwani huenda akahitaji oksijeni.