Menyu moja kwa kurasa zote

Mfanyabiashara wa dagaa hapa Kigoma akibadilisha namba ya simu, hataki kusikia kwamba namba hiyo imeandikwa upya kwenye kila ukurasa wa mfumo wake wa biashara: wa mauzo, wa stoo, wa wadaiwa na wa risiti. Yeye anachokiona ni risiti iliyotoka na namba ya zamani. Mifumo ya namna hiyo naletewa sana kurekebisha, na dawa yake si ngumu: kinachorudiwa kiandikwe mara moja, kwenye faili moja.

Kama unatumia PHP, lugha ya kuandikia kurasa zinazoandaliwa na seva, menyu iwe na faili lake, muunganisho wa hifadhidata uwe na lake, kisha kila ukurasa uyaite. Ila usichanganye include na require, amri mbili za kuita faili. Include ikikosa faili inatoa onyo tu na ukurasa unaendelea. Require inasimamisha kila kitu. Menyu isipoonekana, muuzaji bado atauza. Muunganisho usipopatikana, afadhali ukurasa ugome kabisa, kwa hiyo hapo naweka require_once, ambayo pia haiiti faili lilelile mara mbili.

Kinachowatoa vijana jasho ni njia ya faili. Ukurasa unafunguka vizuri, ukiuhamishia folda nyingine unalalamika. Andika hivi:

require_once __DIR__ . '/../pamoja/muunganisho.php';

__DIR__ ni folda ya faili lenye mstari huo, haijali limeitwa kutoka wapi. Na jina liishie .php. Wapo wanaoliita .inc, na seva isipozuiwa, yeyote atakayeandika anwani yake kwenye kivinjari atasoma nenosiri la hifadhidata waziwazi. Folda hiyo ya pamoja ikikaa nje ya ile inayoonekana mtandaoni, utalala vizuri zaidi.

CSS (mwonekano wa ukurasa) na JavaScript (vitendo vyake kwenye kivinjari) nazo zikae kwenye mafaili yao. Kivinjari kikishazishusha kinazihifadhi, na muuzaji wa Kibirizi mwenye bando la kuungaunga hazilipii kila akifungua ukurasa. Ukizibadilisha, ongeza ?v=2 mwishoni mwa anwani ya faili pale ukurasa unapoliita, la sivyo ataendelea kuona za zamani.

Lakini usiunganishe kila kinachofanana. Fomu ya dagaa na ya mawese zinaweza kulingana leo. Kesho huyu anataka kilo na gunia, yule lita na dumu, na faili lako limejaa if tupu, yaani masharti ya "kama ni dagaa", "kama ni mawese". Ziache mbili. Cha kuweka mahali pamoja bila kusita ni hesabu ya deni. Ukurasa wa wadaiwa ukisema elfu arobaini na risiti ikasema elfu thelathini na tano, mdaiwa atalipa ile ya risiti.