Kwa nini rangi za baharini kwenye filamu hazionekani tunapozamia?

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni mvuvi wa Wesha, Pemba. Katika filamu za maisha ya baharini naona samaki na matumbawe mekundu yanayong'ara, lakini nikizamia Misali naona buluu na kijivu tu. Je, rangi zile hutiwa kwa kompyuta?

Jibu: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Nyingi ya rangi hizo ni za kweli, na viumbe wa Misali wanazo vilevile. Kinachokosekana chini ni mwanga wa kuzidhihirisha. Kitu chekundu huonekana hivyo kwa kuwa hurudisha mwanga mwekundu machoni mwetu, na maji ya bahari huumeza mwanga huo mapema mno: kwenye mita 5 huwa umeshapungua sana, na ukipita mita 10 huwa umekaribia kwisha, ilhali buluu huenda mbali kuliko rangi zote.

Mtazame chewa mwekundu mwenye madoa ya buluu. Kwenye mita 15, akiwa amejibanza mdomoni mwa pango la matumbawe, ngozi yake huonekana ya kahawia iliyokoza, karibu na weusi, na ni madoa tu yanayobaki kung'ara. Mmulike kwa tochi kwa karibu, wekundu wote hujitokeza papo hapo. Wekundu tunaoustaajabia kwenye filamu, kwake yeye ni maficho.

Basi wapiga picha hushuka na taa zao. Hata mwanga wa taa humezwa, tena mara mbili, kwenda na kurudi, kwa hiyo samaki aliye mita 3 mbele ya taa na kamera hugharimu mita 6 za maji. Ndiyo maana picha zenye rangi kali hupigwa kwa karibu sana, na nyangumi wa mbali hubaki wa buluu. Kompyuta hutumika pia kusawazisha rangi, jambo ambalo naliona halali mpaka pale mchanga unapogeuka waridi. Sauti ndizo za kutilia shaka zaidi: mchakacho wa pweza anayetambaa kwa kawaida hutengenezwa studio.

Ukitaka kupiga picha mwenyewe, zamia jua likiwa utosini, usizidi mita chache, na ubebe tochi isiyoingia maji. Kamera yako ikiruhusu, ielekeze kwenye kibao cheupe ukiwa kina kilekile utakachopigia ili isawazishe weupe, na urudie kila unaposhuka zaidi.