Nakupenda jioni ya bamvua? Dada, usitume hiyo advansi

Dada wa Leicester, salamu baadaye. Umeandika kwamba wiki ya mwisho ya Agosti mnashuka Unguja na watoto na mama mkwe, na Jumamosi tarehe 29 kuna kijana amekupangia boti ya Nakupenda, mnatoka Forodhani saa tisa alasiri "tule samaki huku tunatazama jua likizama". Hilo jua mtalitazama mmesimama majini. Sikutishi, mimi na familia yangu tulilitazama hivyo hivyo.

Nakupenda si kisiwa. Ni fungu, mchanga mtupu mbele ya Mji Mkongwe, hakuna mnazi wala nyumba. Maji yakipwa linatokeza jeupe, unakimbia juu yake mpaka uchoke. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, yakijaa, halipo. Picha zote anazokutumia huyo kijana zimepigwa maji yamekupwa, maana bahari tupu haina mnunuzi.

Sasa fungua kalenda. Ijumaa tarehe 28 Agosti 2026 mwezi ni mpevu. Mwezi ukiandama au ukipevuka ndipo bamvua linapokuja, na hapa Unguja tofauti ya maji kupwa na kujaa inafika karibu mita nne. Halafu bamvua la kwetu lina saa zake, muulize mvuvi yeyote: linakupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, linajaa kwenye saa kumi au kumi na moja jioni. Kwa hiyo mtakapokuwa mnatandika mkeka, maji yatakuwa yanakuja kuukunja.

Sisi tulifika fungu likiwa limebaki kama uwanja wa netiboli. Nikauliza mbona dogo, nikaambiwa "bosi, hapa ndipo patamu, hakuna watu". Kweli hapakuwa na watu, wenye akili walikuwa wamesharudi kula urojo Forodhani. Vijana wakawasha jiko la mkaa, changu wakawekwa juu, mama mkwe akakaa kwenye kiti cha plastiki na kanga zake mbili. Changu hawajageuzwa upande wa pili, wimbi la kwanza likapita chini ya kiti. La pili likaingia kwenye jiko, chwaaa, mvuke na majivu vikatupiga usoni. Ndala za watoto zikaanza safari ya kwenda Bagamoyo. Mama mkwe hakupiga kelele, alinitazama tu, na wenye wakwe mnajua kwamba afadhali kelele.

Hayo ya jiko tunacheka leo. Ambayo sicheki ni kupanda boti. Maji yalikuwa kiunoni kwangu, kifuani kwa binti yangu, boti inapanda na kushuka, na ngazi hakuna. Mama mkwe tulimpandisha watu watatu, mmoja akivuta mikono, wawili tukisukuma sehemu ambazo mkwe hasukumwi. Tukauliza jaketi okozi: zilikuwepo, zimefungwa kamba chini ya tenga la soda, na zote za watu wazima. Binti alipovaa, likampanda mpaka masikioni. Halafu Agosti ni kusi bado, msimu wa upepo wa kusini, alasiri umekaza, tukarudi tunarushiwa maji usoni njia nzima, pilau ya mchana ikarudishwa baharini na kila aliyeila. Mwaka 2012 MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe mwezi wa Julai, katika kusi hili hili, na ile ilikuwa meli. Mimi nilikuwa kwenye boti ya futi chache na mtoto mapajani.

Yule papasi, dalali wa watalii, aliyetuuzia nina hasira naye mpaka leo. Kazaliwa Unguja, kakulia pwani, anajua maji yanajaa lini kuliko anavyojua siku yake ya kuzaliwa. Alijua! Ila asubuhi boti ilikuwa na wageni wengine, jioni imekaa bure, akaona hawa wa bara watajuaje. Nilipomdai hela akaniambia bahari ni kazi ya Mungu. Mungu ndiye aliyepokea advansi? Na shemeji yangu aliyemsifia, "huyo kijana mwaminifu sana", hakuja siku ile. Alibaki hotelini kichwa kinamuuma. Bado namchunguza.

Kwa hiyo: saa ya boti inapangwa na maji, haipangwi na mwenye boti wala na wewe unayetaka picha ya machweo. Tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la Zanzibar, lipo mtandaoni bure, utazame tarehe yako kabla hujaulizia bei. Asubuhi yake pitia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa upepo na mawimbi ya ukanda wa pwani. Kwa Jumamosi yenu, tokeni saa tatu asubuhi, kuleni mapema, saa saba mchana mwe mmeshaondoka. Machweo mtayatazama ukutani Forodhani, mama mkwe akiwa mkavu.

Ulitaja Paje pia, pwani ya mashariki. Habari ni ile ile: asubuhi za bamvua bahari inakimbia mpaka kwenye mwamba, mnabaki na akina mama wa mwani na wale wadudu weusi wa miiba, watoto wavae viatu. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, maji hayaendi mbali hivyo.

Huyo kijana mpigie leo, usimwambie chochote kuhusu mwezi. Muulize tu: Jumamosi ile maji yanajaa saa ngapi? Akikutajia saa, muulize jaketi za watoto. Akisema "usijali dada, tutaangalia siku hiyo hiyo", kata simu, hela yako mnunulie mama mkwe kanga.