Usimuulize mgonjwa kama programu ni nzuri

Mpe mtu simu yenye programu ya afya, muulize mbele ya walioitengeneza kama ni nzuri, na jibu unalijua: "Nzuri sana, endeleeni." Nimekaa kwenye vikao vingi vya namna hiyo katika kliniki za presha na kisukari, na kwa yeyote anayetengeneza au kufadhili programu hizi nasema: pimeni kama zinawasukuma watu kufanya jambo. Kupendwa ni habari nyingine.

Pa kuanzia papo. Mwaka 2009 Harri Oinas-Kukkonen na Marja Harjumaa wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, walipanga mbinu 28 za mfumo wa kompyuta kumshawishi mtumiaji, katika makundi manne: kumrahisishia kazi yenyewe, kuongea naye kwa kumkumbusha na kumpongeza, kuaminika, na kumuunganisha na wenzake. Madodoso ya fani hii ya ushawishi wa kompyuta humpa mtumiaji sentensi kama "Programu hii inanifanya nifikirie upya mazoea yangu" au "Mambo inayoniambia yananihusu", naye huchagua namba kuonyesha anakubali kiasi gani.

Huku kwetu ngazi 5 zinatosha, kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Asomewe kwa sauti, na msomaji asiwe nesi anayemhudumia wala mtu wa mradi, kwa sababu mgonjwa hawezi kumpa 2 dada aliyempima presha asubuhi ile. Chomekeni pia sentensi ya kinyume: "Hata bila programu hii ningefanya vilevile." Anayekubali kila kitu pamoja na hiyo, wekeni dodoso kando mzungumze naye.

Mama mmoja muuza samaki alitoa 5 kwa kila sentensi ya kukumbushwa dawa. Nikamwomba anionyeshe ujumbe wa mwisho. Uliingia saa moja asubuhi, na saa hiyo yeye yuko Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, akigombania ndoo ya vibua, dawa ziko kabatini nyumbani. "Ujumbe huu unanitia wasiwasi kweli," aliniambia, na ninamwamini. Ila akirudi jioni amechoka, ujumbe umefunikwa na mingine. Alama yake ilikuwa ya kweli na vidonge vilibaki kwenye pakiti. Tangu hapo kila dodoso ninaloshiriki lina swali la wazi: ujumbe wa mwisho ulikukuta wapi, na ukafanya nini? Kisha tunahesabu vidonge.

Mfano ninaourudia kila mara ni jaribio la WelTel la Kenya, lililochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Watu 538 walioanza dawa za kufubaza VVU waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata SMS kila wiki: "Mambo?" Unajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, ukisema shida, mhudumu anakupigia. Hakuna picha, hakuna pointi za kukusanya. Watafiti waliwauliza watu kama wanameza dawa, na wakapima damu vilevile: virusi vilifubaa kwa asilimia 57 ya waliotumiwa ujumbe, dhidi ya 48 ya wasiotumiwa. Nadhani nguvu yake ilikuwa kwa yule mtu aliyepiga simu, na kipimo chochote cha ushawishi kisichouliza "nikijibu, kuna anayenisikia?" kina pengo kubwa.

Rudieni dodoso baada ya miezi michache, kwani kitu kipya humvutia kila mtu. Na watafuteni walioifuta programu. Wao hawamo kwenye wastani wenu, na sababu zao mara nyingi hazihusu ubora: bando limeisha, simu imejaa. Wengine, wanawake hasa, simu ni ya nyumba nzima, na ujumbe wa dawa unajitokeza kwenye kioo mbele ya shemeji. Kwa hiyo, kabla ya sentensi zote za kukubali na kukataa, ulizeni nani mwingine anaishika simu hii.