Mgeni akiuliza kuhusu vitu vyetu vilivyoko Ulaya

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza wageni Moshi na Arusha, jiandaeni kuulizwa, hasa na Wajerumani: "Mnataka makumbusho yetu yawarudishieni vitu vyenu?" Msikimbilie kujibu ndiyo. Muulizeni kwanza: vitu vipi hasa?

Mkiwa Old Moshi, kwenye mti ambako Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa hapo, tarehe 2 Machi 1900, mnaongelea mtu na ukoo wake. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Isaria Meli, alikidai kwa miaka mingi. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza majibu ya vinasaba: fuvu moja lilioana na uzao wa Akida, mshauri wa Meli, na mengine mawili na ukoo wa Kaaya wa Meru. La Meli mwenyewe halikupatikana. Lisemeni hivyo hivyo. Nimewasikia wenzetu wakiapa kichwa kiko Berlin, utadhani walikishika. Mgeni aliyesoma akikushtukia hapo, hata la kweli hatalisikiliza tena.

Arusha mtaulizwa zaidi kuhusu mali za Wamasai zilizoko Oxford, makumbusho ya Pitt Rivers. Chukueni orkatar, bangili ambayo baba akifa anarithi mwanawe. Haiuzwi. Basi mgeni akisema huenda vilinunuliwa kihalali, mwulizeni kitu kisichouzwa kilifikaje kabatini Uingereza. Wamasai wenyewe walikwenda Oxford wakavitambua. Kama dereva wako ni Mmasai, mpishe aeleze yeye. Wewe Mchaga mwenzangu nyamaza kidogo.

Mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ya Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa 1909 hadi 1913, ni habari nyingine. Ule mkubwa uliosimamishwa Berlin una kimo cha zaidi ya mita 13, ila hakuna ukoo unaoulilia. Pale ni hesabu za mapato ya makumbusho, maabara na wataalamu. Mimi ningeanza na mgao wa mapato. Wenzangu wengi hawakubaliani nami, na mbele ya wageni huwa nasema hivyo.

Wapo watakaouliza kama tutaweza kuvitunza. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lilipatikana Olduvai 1959, likakaa Kenya, likarudishwa nchini 1965, na hadi leo linatunzwa Dar es Salaam. Mwelezeni mgeni hilo kabla hamjafika geti la Ngorongoro, maana pale Olduvai atakuta nakala tu, na ataanza kuuliza la kweli liko wapi.