Kitabu cha mwongozo wa uchapaji huanzia kwa fundi wa mashine

Ukipewa kazi ya kusanifu kitabu chenye michoro kinachofundisha usanifu na uchapaji, mkono utakimbilia kompyuta. Uzuie kwanza. Nenda kwenye kiwanda kitakachochapa kazi hiyo ukaulize mambo matatu: mashine inapokea karatasi ya ukubwa gani, karatasi zipi zinapatikana mjini bila kuagizwa nje, na kitabu kitafungwa kwa pini, kwa gundi au kwa uzi. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua idadi ya kurasa, mahali pa kuweka rangi na nafasi itakayobaki kwa michoro.

Nasisitiza hili kwa sababu kitabu cha aina hii hupimwa kwa ukali kuliko vingine. Msomaji anasoma sheria huku ameshika ushahidi mkononi. Ukimwambia kwamba maandishi meusi yachapwe kwa wino mweusi peke yake, halafu herufi zako zinatoka na kivuli chekundu pembeni, ukurasa unaofuata hataukubali hata kama uko sahihi.

Tuseme kitabu ni cha A5, yaani milimita 148 kwa 210. Mashine ya kati inayopokea karatasi ya sentimita 52 kwa 74 inabeba kurasa 8 kila upande, kwa hiyo karatasi moja ikichapwa pande zote na kukunjwa inatoa fungu la kurasa 16. Mashine ndogo ya Heidelberg GTO 52, inayopokea sentimita 36 kwa 52, inabeba nusu ya hizo. Kwa mashine ile ya kati, kurasa 64 ni mafungu 4 kamili. Ukifika 68, fundi atalazimika kutengeneza pleti nyingine (bamba linalobeba sura ya kurasa kwenye mashine) na kuandaa mashine upya kwa ajili ya kurasa 4 tu. Kata maneno, punguza mchoro mmoja, urudi 64.

Sasa fanya zoezi hili kabla hujasoma zaidi. Chukua karatasi ya A4, ikunje katikati, ikunje tena, kisha mara ya tatu. Usiikate. Ifunue pembeni kwa kidole na uandike namba za kurasa kuanzia 1 hadi 16, halafu ikunjue yote mezani. Utakuta 1 imekaa ubavuni mwa 16, na 4 ubavuni mwa 13, huku namba nyingine zimesimama kichwa chini. Jumlisha kila jozi inayogusana kwenye mgongo, utapata 17. Tazama pia kwamba upande mmoja wa karatasi una kurasa 1, 4, 5, 8, 9, 12, 13 na 16 tu, na zilizobaki zote ziko upande wa pili.

Hapo ndipo bajeti ya kitabu chenye michoro inapookolewa. Kila rangi ina pleti yake, hivyo fungu lenye rangi nne pande zote mbili linataka pleti 8, na mafungu 4 yanataka 32. Lakini ukiweka michoro ya rangi kwenye zile kurasa za upande mmoja, na upande wa pili ukauachia wino mweusi peke yake, kila fungu linataka pleti 5 na kitabu kizima 20. Hesabu hii ni ya kitabu cha gundi au cha kushonwa, ambamo mafungu hufuatana. Kwa kitabu cha pini mafungu huingia moja ndani ya jingine na namba hubadilika, kwa hiyo kunja dami (mfano wa karatasi tupu) ya kitabu chote na usitegemee kichwa. Mimi huanza kuandika orodha ya michoro baada ya dami kukamilika, nikijua ukurasa upi una rangi.

Kuhusu michoro yenyewe, kwa kazi za mikono chagua mistari kabla ya picha ya kamera. Picha ya fundi akifunga pleti itaonyesha waya, ndoo, tambara na mwanga wa dirishani, na jicho la anayejifunza litapotea humo. Mchoro unamwonyesha vidole, ukingo wa pleti na mahali unapobanwa. Chora ukiwa umesimama anaposimama fundi, ili msomaji aone mikono kama atakavyoiona yake mwenyewe. Mistari ichapwe kwa nyeusi tupu na isiwe myembamba kuliko robo pointi. Mstari mweupe unaopita ndani ya rangi za mchanganyiko unahitaji unene zaidi, kwa sababu rangi zikisogea kidogo tu unazibika.

Kuna mchoro mmoja nisiokubali uachwe: vitone vya rangi nne kama vinavyoonekana chini ya kioo cha kukuzia mara 10. Onyesha nyeusi ikiwa kwenye mwinamo wa nyuzi 45, majenta (wekundu wa waridi) 75, sayani (buluu ya kijani) 15 na njano 0, kisha zote pamoja zikitengeneza viduara vinavyofanana na maua madogo. Kijana akishaviona, anaelewa kwa nini picha aliyoitoa WhatsApp haiwezi kujaza jalada, na kwa nini unamdai nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa ule ule itakaochapwa.

Milimita 3 za ziada kila upande unaokatwa, ambapo rangi huvuka mstari wa kukatia ili isibaki weupe ukingoni, unazijua. Ziweke.

Karatasi inataka subira kidogo. Ina nyuzi, na nyuzi hizo zinapaswa kwenda sambamba na mgongo wa kitabu. Ichane kwa mkono pande mbili: upande wa nyuzi huchanika karibu na mstari ulionyooka, upande wa pili hupinda. Nyuzi zikikaa kinyume, kitabu kinakakamaa na kurasa zinajikunja mawimbi karibu na gundi. Kumbuka pia kwamba karatasi isiyo na mng'ao hunywa wino. Kivuli ulichokiweka asilimia 50 kinaweza kutoka kama 70, basi punguza kabla ya kutuma faili.

Maneno yetu ni marefu, na maelezo ya michoro hukaa kwenye safu nyembamba. Ukiyanyoosha pande zote mbili, yanatoboka matundu meupe katikati. Yapange kushoto, uache kulia yaishie yanapoishia. Programu nyingi hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza, kwa hiyo zima ukataji huo, na pale panapolazimu kata mwenyewe kwa silabi.

Prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, iwe ya karatasi, imekunjwa na kufungwa, na umpe fundi asome maelezo yanayohusu mashine yake. Halafu, kabla kazi haijaenda kukunjwa, mwombe akuwekee karatasi chache za fungu la kwanza zikiwa wazi, pamoja na alama za kukatia na ukanda wa rangi pembezoni. Chomeka moja katika kila nakala itakayokwenda darasani, ili wanafunzi waikunje wenyewe kwa kufuata mchoro wa kitabu.